Mtupa Jongoo

Utandoni ni mji wa majongoo, na ukuta wake ni wa mafuta. Usicheke. Ukuta wa mafuta una faida yake: maji ya nje hayaingii ovyo, ya ndani hayatoki ovyo, na chumvi, ambayo ndiyo siasa yote ya mji huu, haipiti hata chembe. Hasara yake ni hiyo hiyo. Mji usioweza kutoa wala kuingiza chumvi hufa, kwa hiyo lazima pawe na milango. Na milango ya Utandoni haichongwi kwa mninga wala kwa mvule. Mlango ni jongoo mwenyewe. Huzaliwa amenyooka, hujikunja kwa mkunjo alioandikiwa, husafirishwa mpaka ukutani, na huko huishi nusu ndani nusu nje, akifungua na kufunga.

Mji wenyewe hauko mbali. Uko ndani ya mapafu yako, kwenye kingo za njia za hewa, seli moja kati ya halaiki isiyohesabika. Majongoo wake ni protini, na hawa ninaowasimulia wana jina la maabara la herufi nne, CFTR. Kwa kimo cha wakazi wa huko ni wakubwa: pingili 1,480, kila moja asidi amino, na mwili unaoupenya ukuta wa mafuta mara kumi na mbili kabla ya kutulia. Kazi yao ni kupitisha kloridi, ule upande wa chumvi ya mezani ambao watu hawaukumbuki. Kloridi ikitoka, maji huifuata. Ute wa mapafu ukabaki mwepesi. Na wafagiaji wa mji, vile vinyweleo visivyolala, wakausukuma ute huo juu kooni pamoja na vumbi na vijidudu vyake.

Mashaka alizaliwa na pingili 1,479.

Iliyokosekana ilikuwa ya 508. Binadamu waliigundua kasoro hiyo mwaka 1989, kundi la Lap-Chee Tsui na John Riordan kule Toronto wakishirikiana na Francis Collins wa Michigan. Ugonjwa wake ni sistiki faibrosisi, na Marekani zaidi ya wagonjwa wanane kati ya kila kumi wana angalau nakala moja ya kasoro hii. Lakini siku Mashaka anazaliwa hakuna aliyehesabu pingili. Utandoni hawahesabu. Wanapapasa.

Jongoo yeyote wa ukutani huzaliwa kwenye kizingiti cha Ukumbi wa Mikunjo, akisukumwa ndani pingili baada ya pingili. Hapotei njia; anwani imo mwilini mwake, jambo lililompa Günter Blobel Tuzo ya Nobel mwaka 1999. Akiwa bado anatoka, huvishwa kishada cha shanga 14: mbili nyeusi shinani, tisa nyekundu katikati, tatu nyeupe kwenye ncha. Hizo ni sukari, ingawa Utandoni hakuna anayezilamba. Ni karatasi za uraia. Jamaa za Mashaka huvishwa vishada viwili.

Kinyozi wa mlangoni hukata shanga nyeupe mbili, akaacha moja. Mwenye ushanga mweupe mmoja huchukuliwa na Bibi Kobe, kungwi wa ukumbi.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Ingiza tumbo ndani. Tumbo la jongoo halionwi na maji."

Hilo ndilo fundisho kubwa la unyago wa Utandoni, na mengine yote ni matawi yake. Mwili wa jongoo una sehemu zinazopenda maji na sehemu zinazoyachukia. Zinazoyachukia hufichwa katikati ya mkunjo au huzamishwa kwenye mafuta ya ukuta. Zikiachwa wazi hunatana na tumbo la jirani, na jirani na jirani yake, mpaka ukumbi mzima uwe fundo moja. Bibi Kobe hafundishi mkunjo wenyewe, maana kila jongoo amezaliwa nao. Kazi yake ni kumshika mwari asinate na wengine wakati anajitafuta.

Baadaye kinyozi hurudi kukata ule ushanga mweupe wa mwisho, na mwari huachiwa. Hapo ndipo anapokutana na Mzee Kinyonga.

Mzee Kinyonga ni Mkaguzi Mkuu wa Mikunjo. Jicho moja hutazama mbele, jingine nyuma, na yote mawili hayatazami kazi. Humpapasa mwari kutoka kichwa mpaka mkia akitafuta kitu kimoja tu: tumbo lililo wazi. Asipolipata, pita. Akilipata, humrudishia ushanga mweupe mmoja, na mwari hana budi kurudi kwa Bibi Kobe. Si adhabu. Mtu anaweza kurudishwa tena na tena, na wengi walio ukutani leo walirudishwa.

Ila pale pembeni, chini ya benchi, yuko Mchwa. Hasalimii mtu. Anatafuna shanga nyekundu za kila anayekaa ukumbini, polepole, bila kuuliza huyu mvivu au huyu ndiyo kwanza anaanza kuelewa. Zikipungua kiasi fulani, Bibi Kobe hana tena cha kumshikia mwari, na mlango wa shimoni hufunguliwa. Watu humlaumu Kinyonga kwa sababu ana cheo na macho. Mimi naona Mchwa ndiye mwenye mamlaka: yeye ndiye saa ya ukumbi, na haijawahi kusikika kwamba alisimama kumsubiri mtu.

Binamu yake Mashaka wa mji mwingine, Riziki, mwenye pingili zote, alipita kwao. Nimfuate huyo kidogo, ili ieleweke Mashaka alinyimwa nini. Alipofika bandarini alionyesha tikiti yake, herufi tatu, DAD, kwenye pingili ya 565 mpaka ya 567. Mabaharia wakaisoma kwa vidole na dau likang'oa nanga. Kituo ni Forodhani, ghorofa juu ya ghorofa, ambapo binadamu wamepaandika jina la Camillo Golgi. Huko Riziki alipunguziwa shanga za kitoto na kuvishwa mapambo mapya, mazito. Wahudumu wa Ukumbi waliojisahau wakapanda dau walitambuliwa kwa herufi KDEL mkiani, wakarudishwa na dau la jioni bila ya maswali mengi. Ghorofa ya mwisho ndiyo ya kugawa watu. Wapiga bomba wa sodiamu: upande wa chini, unaotazama damu. Wale vimeng'enya wenye alama ya fosfeti kwenye shanga zao nyekundu: Jaani, wakasage taka. Riziki: upande wa juu, unaotazama hewa. Mgawaji hakosei sana, na akikosea mji huugua, kwa maana mlango mzuri uliowekwa ukuta usio wake ni tundu tu.

Turudi kwa Mashaka.

Kasoro yake ilikuwa mahali pabaya kisiasa. Sehemu kubwa ya mwili wa jongoo huyu haimo ukumbini. Iko uani, upande wa pili wa ukuta wa ukumbi, na pingili ya 508 iko huko. Kwa hiyo pamoja na Bibi Kobe ndani, Mashaka alikuwa na mlezi mwingine nje, Mama Kaa. Mama Kaa hushika kwa gando palipo wazi, akaachia, akashika tena, kila mshiko ukigharimu kuni za mji. Ni mwanamke wa huruma, na namwandika hivyo bila kejeli. Tatizo ni kwamba mgongoni mwake hupanda Kupe.

Kupe hana kiti ofisini. Ofisi yake ni mgongo wa Mama Kaa. Mlezi akimshika mtoto kwa muda mrefu mno, Kupe huinama na kumpiga yule mtoto muhuri. Muhuri wa Utandoni nao ni jongoo, kijijongoo cha pingili 76, ubikwitini kwa jina la kitabuni. Mmoja haumuui mtu. Juu ya wa kwanza hupigwa wa pili, juu ya wa pili wa tatu. Ikifika minne kwa mnyororo, hakuna rufaa. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walituzwa Nobel ya Kemia mwaka 2004 kwa kuueleza utaratibu huu. Mkono uliokulea ndio unaokushikilia upigwe muhuri: sijui binadamu gani angebuni ofisi kama hiyo. Nafuta. Nawajua kadhaa.

Mashaka aliiona mihuri miwili mgongoni akaomba kuonana na Mkaguzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tumbo lako liko wazi."

"Kidogo tu, mzee. Naomba nipelekwe langoni nijaribiwe. Nikishindwa kupitisha chumvi, nirudisheni."

"Mwanangu, hapa hatupimi kazi. Tunapima mkunjo."

"Na nikiweza kazi?"

Jicho la kushoto la Mzee Kinyonga lilizunguka likamtazama Mchwa, jicho la kulia likatazama saa ya chakula. "Fomu ya kuweza haipo," akasema.

Muhuri wa tatu ulipigwa kabla ya adhuhuri, na wa nne punde tu.

Waliokuja kumchukua ni Siafu sita, wameshikana duara. Siafu hawa hawana hasira na mtu. Humnasa aliyepigwa mihuri, wakamvuta mwili wake kupitia katikati ya duara lao, wakimng'oa kutoka ukutani, pingili baada ya pingili, mpaka anyooke kama alivyozaliwa. Aliyekunjika haingii kwa Fisi. Kinywa cha Fisi ni gogo lenye uwazi mwembamba, ndani yake duara nne za vipande saba saba, na meno yamo katika duara mbili za katikati tu, ili raia aliyepita karibu kwa bahati mbaya asiliwe. Proteasomu, wanaliita gogo hilo. Linachoingiza huwa jongoo. Linachotoa ni vipande vifupi, ambavyo wengine huvimalizia mpaka pingili moja moja, na pingili hizo hurudi ghalani kutengenezea watoto wapya. Mihuri hailiwi. Huvuliwa kabla ya tonge, ikarudishwa kwa Kupe. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Utandoni wameirekebisha methali: jongoo hutupwa, mti hurudi ofisini.

Hayo hayakumpata Mashaka peke yake. Waliozaliwa bila pingili ya 508, karibu wote, walikwenda njia hiyo. Na nani alisema ukaguzi huu ni mwepesi hata kwa wazima? Katika seli za maabara zilizopimwa miaka ya 1990, hata kwa majongoo wenye pingili zote kamili, wengi waliishia kwa Fisi, robo au theluthi ndio wakafika ukutani.

Baadaye mambo yalianza kuharibika nje. Kloridi haikutoka, maji hayakuifuata. Ute ukawa mzito, wafagiaji wakazama mpaka kiunoni, na bakteria wa Pseudomonas wakahamia na mizigo yao, wakajenga. Mbali kidogo, kwenye miji ya tezi za jasho, ambako jamaa za Mashaka walitakiwa kuirudisha chumvi ndani, chumvi ilibaki nje na jasho likawa kali. Ndiyo maana madaktari hupima jasho la mtoto wanapoushuku ugonjwa huu.

Baraza likaitishwa. Mzee Kinyonga alisoma taarifa yake kwa sauti ya kuridhika: katika kipindi hiki hakuna hata mlango mmoja mbovu uliofika ukutani. Makofi. Mfagiaji mmoja, sauti imezibwa na makohozi, akauliza: mizuri mingapi imefika? Mwenyekiti akamwambia swali hilo halimo kwenye ajenda.

Nimtendee haki Kinyonga hata hivyo, kwa maana wapo wanaodhani dawa ni kumfukuza. Kuna mji wa machoni, kwenye chembe za kuonea gizani, ambako jongoo wa mwanga aitwaye rodopsini wakati mwingine huzaliwa na pingili ya 23 isiyo yake, histidini mahali pa prolini. Huyo hakunjiki sawasawa, hurundikana na kuwaelemea wakaguzi, hata wazima wa ukoo wake wakatatizika. Ving'ora vitatu hulia ukumbini: IRE1, PERK, ATF6. Kwanza mji hupunguza uzazi, huongeza makungwi, hupanua shimo. Ving'ora visiponyamaza, mji hujiua wenyewe kwa utaratibu, taa moja moja, na mwenye macho hayo huanza kutoona usiku, kisha pembeni, kisha zaidi. Mji usio na Kinyonga hauishi. Swali la Utandoni ni jingine kabisa: kama mkaguzi anayejua tumbo liko wazi anaweza kufundishwa kuuliza liko wazi kiasi gani.

Jibu la kwanza lilitoka kwa baridi.

Hiki hakikuwa kipupwe cha Mungu. Mwaka 1992 watafiti walizilea seli zenye kasoro hii katika joto lililoshushwa chini ya nyuzi 37, na kwa ubaridi huo baadhi ya kina Mashaka wakakunjika. Uvuguvugu wa kawaida ulikuwa ukiwatetemesha kabla hawajakaza fundo. Ubaridi uliwapa nafasi. Kinyonga aliwapapasa, Mama Kaa akawaachia, Kupe akakosa pa kupiga. Wakapanda dau, wakavishwa mapambo Forodhani, wakafika ukutani. Mji mzima ulitoka kuwatazama.

Na walifungua. Walifungua kwa kuchelewa, na hawakukaa wazi kama Riziki, lakini kloridi ilipita. Kwa maneno mengine, jongoo aliyekuwa akitafunwa kila siku kwa kosa la umbo alikuwa na uwezo wa kazi muda wote huo. Mzee Kinyonga aliulizwa maoni. Alibadilika rangi mara tatu akasema ofisi yake haiwajibiki kwa hali ya hewa.

Joto liliporudi, askari wa ukutani wakawaona. Kuna ukaguzi wa pili huko, watu hawaujui sana, na wenyewe una mihuri yake: anayelegea hupigwa muhuri, ukuta ukambonyea ndani, akatumbukizwa kwenye kifuko ndani ya kifuko na kupelekwa Jaani, lisosomuni, kwenye tindikali. Riziki hukaa ukutani siku nzima na zaidi. Kina Mashaka, kwenye joto la mwili, saa chache.

Waganga wa ng'ambo walichukua miaka ishirini kulifanyia kazi lile somo la baridi. Dawa ya kwanza, ivacaftor, iliruhusiwa Marekani mwaka 2012, na haikuhusu kukunjika. Ilimshikia mlango wazi aliye ukutani tayari. Mwaka 2015 ikaja lumacaftor, kabari ndogo inayoingia kwenye ubavu wa jongoo anapokunjwa na kumzuia kufumuka. Ilisaidia, kwa kiasi. Mwaka 2019 wakaunganisha tatu, elexacaftor, tezacaftor na ivacaftor: kabari mbili sehemu mbili tofauti, na mmoja wa kushika mlango. Hapo mapafu yakabadilika. Baadhi ya wagonjwa waliokuwa wakingoja kupandikizwa mapafu mapya waliondoka kwenye orodha. Bei iliyoandikwa Marekani mwaka huo ilizidi dola 300,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, na dawa hunywewa maisha yote. Ni bei ya kabari, si ya mlango.

Siku Mashaka mwingine, mwenye kabari mbili, alipowekwa rasmi ukutani, Mzee Kinyonga alikata utepe. Alisema ofisi yake ilikuwa na imani na majongoo hawa tangu mwanzo. Mfagiaji yule wa makohozi, ambaye sasa sauti imemfunguka, alicheka mpaka akatolewa nje.

Waganga walikuwa wanafunga mikoba yao alipowafikia mjumbe kutoka mji wa mbali, wa mtoto mwenye asili ya Afrika. Ute mzito, jasho kali, dalili zile zile. Wakafungua daftari. Kasoro yake haikuwa pingili 508. Ilikuwa ile iitwayo 3120+1G→A, ambayo ni miongoni mwa zinazoongoza kwa Waafrika wenye ugonjwa huu: barua ya uzazi hukatwa na kuunganishwa vibaya kabla ya kufika kizingitini, na jongoo anayefaa hazaliwi. Mganga mkuu alizitazama kabari zake, akamtazama mjumbe.

"Hizi humshika aliyezaliwa," akasema. "Wa kwenu ninamshika wapi?"

Mjumbe hakukata tamaa. Akaenda Ukumbi wa Mikunjo wa mji wao, kwa mkaguzi wa huko, binamu wa Mzee Kinyonga, aliyekuwa amekaa mbele ya benchi tupu.

"Shikamoo, mzee. Milango yetu ya chumvi haifiki ukutani."

"Marahaba. Nimepapasa tangu alfajiri. Sijaona tumbo lililo wazi hata moja."

"Mzee, hakuna jongoo."

"Basi hakuna kasoro," akasema mkaguzi, akamgeukia karani. "Andika: waliokaguliwa, hakuna. Waliotupwa, hakuna. Mihuri iliyotumika, hakuna. Kisha uipeleke barazani mapema. Haijawahi kutokea taarifa safi namna hii."